Mkono Wangu, Jina la Adhiambo

Ukiumia kazini, taja jina lako. Hata kama damu inatiririka na aliyekushika bega anakuharakisha, taja jina lililo kwenye kitambulisho chako. Naanza na hilo kwa sababu mimi sikulitaja, na karibu miaka mitatu ya maisha yangu ilikwenda kulitafuta. Sasa kidonda kimepona, kesi imeisha, na nina nafasi ya kukaa chini nikaandika. Naandika kwa mkono wa kulia, ambao nilianza kuufundisha nikiwa na miaka thelathini na saba, kwa hiyo anayenichapia amenisamehe mengi.

Mimi ni Jane Mwikali, Mkamba wa Kitui. Naishi Kianda, Kibera, na mume wangu Musyoka, fundi wa mbao, na binti yetu Mumbua. Kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga, mlango wa pili ulikuwa wa Rose Adhiambo. Tuliazimana chumvi, jiko na siri kwa miaka sita, halafu akahamia Gatina, kule Kawangware, ili awe karibu na kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli. Adhiambo alikuwa kibarua mwenye namba.

Namba ni kitu kikubwa. Asubuhi getini wanaingia wenye namba kwanza, wengine wanabaki nje wakingoja mtu akose. Ukikosa siku tatu mfululizo namba yako inapewa mwingine, na hakuna wa kumlilia. Sasa mwanamke anayekaribia kujifungua atafanya nini? Anatafuta wa kumshikia namba. Sisi vibarua tumefanya hivyo siku zote: mtu akifiwa, akiugua, akienda kwao ushago, rafiki anaingia kwa kadi yake mpaka arudi. Mlinzi anaangalia kadi, sura haimhusu. Hakuna aliyewahi kuuliza itakuwaje mtu akiumia akiwa ndani ya jina la mwenzake.

Nilishika namba ya Adhiambo mvua ndefu za Machi zilipoanza. Kila asubuhi nilitoka Kianda kwa miguu, nikapita Olympic, nikavuka Ngong Road na kuteremka hadi kiwandani, viatu vikiwa na matope kilo nzima. Msimamizi wa zamu, Wanjala, alijua siku ya kwanza kwamba mimi si Adhiambo. Adhiambo ni mrefu, anapita mlangoni akiinama. Mimi hata kabati la vyombo nalifikia kwa kupanda stuli. Wanjala alicheka tu, akaniweka rola namba mbili, ile mashine ya kupiga pasi mashuka. Watu wawili wanasimama mbele yake wakiilisha shuka, nayo inalimeza na kulitoa limenyooka upande wa pili.

Mimi natumia mkono wa kushoto tangu nizaliwe. Wanjala aliponiona nahangaika kuvusha mkono, alinihamisha.

"Lefti, kuja usimame hii side," akaniambia. "Hapo utachelewesha watu."

Tangu siku hiyo nikawa Lefti. Kitu ambacho hakuna aliyekifikiria, hata mimi, ni kwamba kamba ya kusimamisha mashine ilikuwa upande ule mwingine tu.

Wiki ya tatu shuka lilijikunja pembeni, nikanyoosha mkono kulikunjua, na rola ikashika vidole. Sitaeleza zaidi. Mwenzangu alikuwa ameliendea kapu la mashuka, akalazimika kurudi mbio ndipo aifikie kamba.

Wanjala alinipeleka hospitali kwa gari la kubebea mashuka. Pale dirishani karani aliuliza jina. Kadi ya Adhiambo ilikuwa bado inaning'inia shingoni mwangu. Nilimwangalia Wanjala, naye akaangalia sakafu. Nikafikiri: nikisema Mwikali, Adhiambo amepoteza namba, na tumbo lake ni la miezi minane. Nikasema, "Rose Adhiambo." Karani akaandika, na nikaingizwa chumba cha upasuaji nikiwa mtu mwingine.

Walikata vidole viwili, cha shahada na cha kati. Nyuma ya kiganja walibandika ngozi waliyoitoa pajani. Kidole cha pete kilibaki, lakini hakikunjiki. Nilipoamka Musyoka alikuwa ameketi kando ya kitanda na vumbi la mbao kwenye nyusi. Alikuwa amezunguka wodi tatu akiniulizia kwa jina langu na kuambiwa sipo, hadi alipouliza kwa jina la Adhiambo. Alingoja ninywe chai, ndipo akasema.

"Na ungekufa? Ningeenda mochari kuitisha nani?"

Alinikasirikia miezi mingi kwa sababu ya jina lile, kuliko alivyokasirikia mashine. Lakini alijifunza kukata mboga za sukuma. Alizikata kama anapasua mbao, vipande vinene vya pembe nne, na tukazila hivyo hivyo bila kulalamika.

Aprili na Mei zilikwenda kwenye benchi. Kliniki ya kusafisha kidonda ilikuwa Jumatatu na Alhamisi, na benchi zake hazina mgongo. Ukifika saa moja utaitwa saa tano. Nesi mmoja alikuwa Mjaluo, mchangamfu sana, na kila akifungua faili anafurahi kuona jina la Kijaluo na kumpata dada yake. Anainama na kunisalimu, "Idhi nade?" Nami najibu, "Sawa tu."

Mara ya tatu alinikazia macho. "Wewe ni Mjaluo wa wapi asiyejua Kijaluo?"

"Nimelelewa Machakos," nikasema. Benchi nzima ilicheka, na mimi nikacheka nao, ingawa nilijisikia mwizi. Kila waliponiita Adhiambo nilisimama haraka, ili mtu asishuku.

Watu wanauliza ni nini kilikuwa kigumu. Wanatarajia niseme maumivu. Maumivu yana dawa. Kigumu kilikuwa kufunga kitambaa cha kichwa, kufungua simu iliyosajili kidole ambacho sina, na kumsuka Mumbua. Nilikuwa namsuka kila Jumapili jioni akiwa ameketi kati ya magoti yangu, na ndiyo saa aliyokuwa akinieleza mambo yake yote ya shule. Nilijaribu mwezi wa Juni, nikasuka mstari mmoja, nikaachia. Akasema, "Ni sawa, mum, nitanyoa." Akanyoa kweli. Nililia kwenye choo cha ploti mpaka jirani akabisha mlango akitaka zamu yake.

Baridi ya Julai ilipofika, vidole visivyokuwepo vilianza kuwasha. Unakuna hewa. Kama vyako vinafanya hivyo, hujarukwa na akili. Niliuliza, nikaambiwa ni kawaida, na kwangu ilipungua baada ya mwaka. Mama mmoja kwenye benchi ndiye aliyenionyesha kufunga kitambaa kwa mkono mmoja na meno. Na mwalimu wa mazoezi ya mkono alipotaka nikande kimpira kila asubuhi, Musyoka alisema heri nikande unga, angalau tule. Nilikanda chapati mbaya sana mwaka huo. Walizila zote.

Agosti ndipo nilipokwenda ofisi ya serikali inayoshughulikia walioumia kazini. Utaratibu ukiusikia ni rahisi: mwajiri anaripoti ajali, daktari anaandika umepoteza kiasi gani cha mwili wako, ofisi inamwagiza mwajiri akulipe. Mimi nilikwenda na mkono ulio wangu, faili ya Adhiambo na kitambulisho cha Mwikali. Nilimweleza ofisa ukweli wote, na nilidhani ukweli ukishasemwa umemaliza kazi.

Jibu lilitoka Oktoba, jakaranda zikimwaga maua. Ombi limekataliwa. Mwajiri hana mfanyakazi anayeitwa Jane Mwikali. Ofisa alikuwa mtu wa heshima, akaligeuza faili nisome mwenyewe karatasi ya mwisho. Ilikuwa taarifa ya Rose Adhiambo, sahihi yake chini, ile yenye A kubwa kama nyumba. Ilisema kadi yake ilipotea, hakumpa mtu, na huyo mama hamjui.

Niliisoma mara mbili. Mimi niliyemwitia mkunga kwa simu, mkono ukiwa bado kwenye bandeji. Miaka sita ya chumvi na jiko, na huyo mama hamjui.

Musyoka alipoisikia alitaka kwenda Gatina wakati huo huo. Nilimkalisha. Kilichonitia hofu hakikuwa fedha tu. Kulingana na faili ile, mimi nilikuwa mwizi wa kadi aliyejipenyeza kiwandani akaumizwa na mashine ambayo haikumhusu. Binti yangu angekua akiwa mtoto wa mama huyo. Nilitaka mahali fulani paandikwe kwamba mkono huu uliumia ukifanya kazi, na kwamba ni wangu.

Mtu wa kanisani alinielekeza kwa wakili anayesaidia wasio na uwezo, jina lake Njeri, msichana mwembamba anayeongea taratibu. Swali lake la kwanza lilikuwa barua ile niliipokea lini. Nawe liweke akilini: siku zinahesabiwa. Una siku sitini za kupinga uamuzi kwa mkubwa wa ofisi ile ile, na akikukataa una siku thelathini tu za kwenda mahakama ya kazi. Tulipinga, na Januari, jua likiwaka na mifereji imekauka, tukakataliwa tena. Ikabaki rufaa, na Njeri akaifungua kabla siku thelathini hazijaisha.

Nilidhani rufaa ni kusimama mbele ya jaji na kueleza upya, safari hii kwa machozi zaidi. Njeri alinitoa huko.

"Mama Mumbua, jaji hatakuuliza uliumia vipi," alisema. "Ataangalia yule ofisa alikuwa na karatasi gani mbele yake, na kama alizisoma vizuri. Usimletee huruma. Mletee ukurasa."

Kwa hiyo tulisoma faili nzima, ukurasa kwa ukurasa, mezani kwake. Kiwanda kilikuwa kimeambatisha nakala za daftari la Wanjala la zamu, kuonyesha kwamba jina Mwikali halimo. Halikuwamo kweli. Njeri alifunua, akafunua, halafu akaanza kucheka peke yake.

"Huyu Lefti ni nani?"

"Ni mimi."

Alinigeuzia daftari. Siku kumi na sita mfululizo, kwa mwandiko wa Wanjala: Lefti, rola 2. Na ya mwisho: "Lefti ameumia mkono. Nimempeleka hosi."

"Na Adhiambo anatumia mkono gani?"

"Wa kulia."

Njeri aliacha kucheka. Alisema daftari linaonyesha msimamizi alinijua, akanipanga kazi, akanihamisha upande usio na kamba, na kiwanda kikapokea mashuka niliyonyoosha. Mtu akikufanyia kazi huku unamwona, huwezi baadaye kusema hukumwajiri. Hiyo ndiyo ingekuwa hoja yetu. Lakini taarifa ya Adhiambo ilikuwa bado imekaa pale kama jiwe kwenye mchele. Kuleta ushahidi mpya kwenye rufaa unaomba ruhusa, na hupewi kirahisi. Njeri angeomba karatasi moja tu: kiapo cha Adhiambo cha kusahihisha alichosema. Bila hicho, alisema, tuna nusu ya kesi.

Nilikwenda Gatina mwenyewe, mvua ndefu za mwaka wa pili zikiwa zimeanza. Anakaa orofa ya nne, na ngazi zile hazina pa kushika. Alifungua mlango akiwa na mtoto mgongoni, msichana, mashavu kama maandazi. Hatukuwa tumeonana tangu bandeji zitolewe. Aliniwekea chai bila kuniuliza. Nilisahau, nikapeleka mkono wa kushoto kwenye kikombe kama maisha yangu yote, kikaponyoka, chai ikamwagika hadi kwenye godoro. Adhiambo alichukua tambara akapiga magoti kufuta, na akabaki hapo chini akiuangalia mkono.

"Mama Mumbua," alisema, "nilisain hiyo karatasi."

"Najua. Walikuambia ni ya nini?"

Nilikuwa nampa njia. Nilitaka aseme walimdanganya, hakusoma, alikuwa amechoka na mtoto mchanga. Ningeamini.

"Nilisoma. Nisikudanganye. Nilisoma yote. Waliniambia ni hiyo ama niache namba. Mtoto alikuwa na three months."

Nilikasirika, na papo hapo nikaona nampenda kuliko nilivyompenda mwaka mzima, kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza tangu ajali aliyenieleza jambo kama lilivyo. Nilimweleza kuhusu kiapo. Aliuliza, "Na wakinishika?" Nilimwambia sijui, amuulize Njeri. Aliuliza, "Na namba?" Hilo sote wawili tulilijua. Nikateremka ngazi nikishika ukuta.

Zilipita wiki mbili. Njeri alikuwa ameshaandaa hoja za rufaa bila kiapo, na Musyoka alikuwa amerudia kutolitaja jina la Adhiambo nyumbani. Halafu asubuhi moja nilipokea simu.

"Kuna mama mrefu hapa ofisini na mtoto," Njeri alisema. "Amefika kabla nifungue mlango. Anasema ameleta kadi."

Alikuwa ameleta ile kadi iliyodaiwa kupotea. Baada ya ajali Wanjala alimrudishia mwenyewe, mkononi, akamtunzia na namba mpaka ajifungue. Njeri alimwambia wazi kwamba kubadilisha taarifa kunaweza kumletea maswali magumu, na kwamba hawezi kumwahidi chochote kuhusu kazi. Adhiambo aliapa hata hivyo, na ruhusa ya mahakama ilipatikana. Kiwanda kilimfuta mwezi huo huo. Sasa anakaanga samaki Kawangware, na anasema moshi hauna msimamizi.

Siku ya hukumu, mwaka wa tatu, hatukwenda popote. Siku hizi jaji anasoma ukiwa umeunganishwa kwa simu. Tulikaa kwenye karakana ya Musyoka, mimi na Adhiambo juu ya kitanda cha mteja ambacho hakijapigwa vanishi, simu tumeiegemeza kwenye mkebe wa misumari. Musyoka alizima randa yake ya umeme, akaenda kumwomba jirani wa kuchomelea vyuma asimame kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mume wangu akikaa chumba kimoja na Adhiambo tangu ile taarifa. Alimletea stuli ya kuwekea miguu.

Jaji alisoma kwa Kiingereza, haraka, bila kuinua macho. Alianza kwa kunikemea. Alisema kutumia jina la mwingine hospitalini na kazini ni kosa na hataki asikike akilisifu. Nikaona tumekwisha; Adhiambo alinishika goti. Kisha akafika kwenye daftari. Alisema ofisa alitafuta jina akaacha kumtafuta mtu. Alisema msimamizi alimjua mwanamke huyu kwa mkono anaotumia, akampa kazi siku kumi na sita, na uongo wa jina haufuti kazi iliyofanywa mwajiri akitazama. Kuhusu Adhiambo alisema aliyebadilisha taarifa anapaswa kutazamwa kwa uangalifu, lakini safari hii daftari la mwajiri mwenyewe linamuunga mkono. Uamuzi ukatupiliwa mbali. Jane Mwikali alikuwa mfanyakazi alipoumia. Faili irudi kwa ofisi ile, daktari anipime, hesabu ifanywe.

Hesabu ilifanywa. Mambo yake nimemwachia Musyoka. Kwa anayesubiri, nitasema tu kwamba haikurudisha kidole, ila ililipa karo na ikaninunulia cherehani ninayoshonea kwa mkono mmoja na nusu.

Kitu kimoja kilibaki. Hospitalini nilikuwa bado Rose Adhiambo. Mvua fupi za mwisho wa mwaka zilipoanza tulikwenda wote wawili na karatasi ya mahakama, kila mmoja na kitambulisho chake, kwenye dirisha la kumbukumbu. Karani alitutazama mmoja baada ya mwingine, akauliza, "Nani sasa ndiye mgonjwa?" Tulijaza fomu, tukapiga sahihi, akabandika jina jipya juu ya la zamani. Kisha tukaenda kungoja benchi ile ile isiyo na mgongo, maana ilikuwa siku yangu ya kliniki. Adhiambo alifungua mkebe wa samaki, tukala.

"Jane Mwikali," nesi akaita.

Hakuna aliyesimama. Nesi akaita tena, kwa sauti zaidi. Nikageuka kuangalia benchi za nyuma, nimuone huyo mama anayetuchelewesha watu wote.

Adhiambo alinigusa kwa kiwiko.

"Ni wewe, Mama Mumbua," alisema. "Simama."